Sifuri na Kistari

Kwenye kadi ya mvua, sifuri na kistari ni vitu viwili tofauti kabisa. Sifuri maana yake mtu alitoka asubuhi, akaenda hadi kwenye kipimamvua, akachungulia ndani, akakuta pakavu, akarudi kuandika. Kistari maana yake hakuna aliyekwenda. Kompyuta ukiiachia ifanye itakavyo, inaweza kuvisoma vyote viwili kama siku isiyo na mvua. Hapo ukame unaweza kuzaliwa mahali ambapo kulikuwa na mtunza kituo mgonjwa tu.

Nimeishi na kadi hizi kwa mwaka mmoja na nusu. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu historia ya ukame katika Ugogo, yaani sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma, kwa kutumia rekodi za mvua za vituo vinne. Kazi yenyewe ukiieleza nyumbani haina mvuto. Unafungua picha ya kadi iliyoandikwa kwa mkono, unaingiza tarakimu kwenye lahajedwali, unakagua, unarudia. Siku moja mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kwa nini nilipe ada ili nitafute miaka ya ukame ilhali babu anaweza kunitajia yote bure, tena kwa mpangilio.

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyokusudia. Nimekuwa nikilijibu tangu siku hiyo.

Nianze na chombo chenyewe. Kipimamvua cha kawaida ni silinda ya chuma yenye mdomo wa duara, faneli ndani yake, na chupa ya kupokea maji chini ya faneli. Kila siku saa tatu asubuhi mtunza kituo humimina maji hayo kwenye gilasi yenye mistari, husoma, huandika, humwaga. Mvua iliyosomwa leo huhesabiwa kuwa ya jana. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo mtu akikuambia usiku zimenyesha milimita 20, fikiria ndoo ya lita ishirini imemwagwa juu ya eneo lisilozidi sana ukubwa wa meza ya chakula, na kila meza ya jirani nayo imepata ndoo yake, mpaka upeo wa macho. Kadi za zamani ziko kwa inchi. Hizo unazizidisha kila moja kwa 25.4 na kuomba desimali isiwe imefutika.

Mji wa Dodoma hupata wastani wa kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, hupata kama 2,000. Kwa hiyo kadi nyingi za Ugogo ni sifuri. Juni sifuri, Julai sifuri kuanzia juu hadi chini, Agosti vivyo hivyo, mpaka macho yanaanza kuona tarakimu zisizokuwepo. Nazipenda kadi za Julai. Mtu aliyeandika sifuri 31 katika mwezi ambao kila mtoto wa Dodoma anajua hakunyeshi alikuwa anatuambia jambo moja tu: nilikwenda. Au pengine alizijaza zote jioni moja akiwa kitandani. Hilo nalo linawezekana, na mara nyingine mwandiko hulisema: sifuri zilizoandikwa kwa wino mmoja, kwa mwendo mmoja, kama shanga.

Pembeni mwa kadi kuna nafasi ya maelezo. Nyingi ziko wazi. Chache zina maneno mafupi: chupa imepasuka, mtunzaji yuko likizo, ng'ombe wameangusha chombo. Kadi moja ina tarehe tisa za vistari, kisha pembeni neno moja, msiba. Sijui ni msiba wa nani. Niliingiza vistari tisa kwenye lahajedwali na kuendelea na tarehe ya kumi, ambayo ilikuwa na mvua nyingi.

Sasa babu. Alizaliwa miaka ya arobaini katika kijiji kimoja cha Chamwino, na miaka yake haiendi kwa namba. Inakwenda kwa matukio, na mengi ya matukio hayo ni njaa. Ukimuuliza fulani alizaliwa lini, atakuambia alinyonya wakati wa njaa ile, au alikuwa anachunga ndama njaa ile ilipoingia. Ya kwanza anayoikumbuka kwa macho yake ni ya 1953 na 1954. Baba yake alitoka na ndama wawili kwenda kuhemea upande wa Ukaguru, milimani, na akarudi baada ya siku nyingi akiwa na mtama usiojaa gunia. Neno hilo, kuhemea, kwetu halina haja ya maelezo. Ni kwenda mbali kutafuta chakula, kwa kununua, kwa kubadilishana na mifugo, au kwa kufanya kazi za watu. Njaa kwa babu ni safari. Anakumbuka ni nani alikwenda wapi, na ni nani hakurudi.

Anayo pia njaa ambayo hakuiona, ila mama yake aliipitia akiwa msichana mdogo. Hiyo ndiyo Mtunya. Ilianza 1917 na kuisha 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox, katika makala aliyochapisha mwaka 1990, anakadiria kwamba ilichukua watu wapatao 30,000 kati ya wakazi kama 150,000 wa eneo hilo. Mtu mmoja katika kila watano. Jina lenyewe hutafsiriwa kuwa ni kinyang'anyiro, na ukisoma kilichotokea unaelewa. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita juu ya Ugogo. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha la Waingereza likaja likachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua nazo zikagoma. Familia ambayo kwa kawaida ingeuza ng'ombe ili ivuke mwaka mbaya haikuwa na ng'ombe wa kuuza, na kijana ambaye angekwenda kuhemea alikuwa kaburini au njiani na mzigo wa jeshi kichwani.

Kwenye data zangu Mtunya haipo. Vituo vya hali ya hewa vya Wajerumani vilivurugwa na vita hivyohivyo, na idara ya hali ya hewa ya Waingereza kwa Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1929. Kadi yangu ya zamani kabisa ni ya miaka ya thelathini. Grafu yangu ya historia ya ukame wa Ugogo inaanza baada ya njaa kubwa kuliko zote zinazokumbukwa Ugogo.

Kipimo ninachotumia kilibuniwa Marekani mwaka 1993 na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, McKee, Doesken na Kleist. Hujulikana kwa herufi zake, SPI, nami kwenye tasnifu nakiita Kipimo Sanifu cha Mvua. Mwaka 2009 wataalamu waliokutana Lincoln, Nebraska, walipendekeza idara za hali ya hewa duniani kote zikitumie kupima ukame wa mvua, na sababu mojawapo ni kwamba kinahitaji mvua peke yake. Huhitaji joto, udongo wala upepo. Unachukua jumla ya mvua ya kila msimu kwa miaka mingi, angalau 30, unatafuta mkunjo unaofuata jinsi jumla hizo zilivyotawanyika, kisha unaugeuza ili msimu wa katikati uwe sifuri. Juu ya sifuri ni mvua zaidi ya kawaida, chini yake ni pungufu. Ukishuka hadi -1 umeingia kwenye ukame wa wastani, -1.5 ni mkali, -2 na zaidi ni uliokithiri.

Uzuri wake ni kwamba kila mahali hulinganishwa na penyewe. Msimu ambao Bukoba wangeuita ukame mkali ungekuwa gharika kwetu. Lakini uzuri huohuo una mtego wake. Kwa jinsi kipimo kilivyoundwa, karibu mwaka mmoja kati ya sita lazima uangukie chini ya -1, iwe Dodoma, Bukoba au London, na takriban miaka miwili katika kila mia itafika -2. Kwa hiyo hakiwezi kukuambia kwamba mahali fulani ni pakame. Kinakuambia tu ni miaka ipi ilikuwa mikavu kwa viwango vya pale. Na mtu mwenye kadi za miaka 60 anaposema "ukame wa mara moja kwa karne" anazungumza juu ya kitu ambacho amekiona mara moja, au hajakiona kabisa, na mkunjo umemkisia.

Nilipomaliza hesabu za awali nilifanya jambo ambalo halikuwa kwenye pendekezo la utafiti. Nilichora orodha mbili kwenye karatasi moja. Kushoto misimu ambayo SPI ilishuka chini ya -1. Kulia njaa za babu, pamoja na zile zilizoandikwa na watafiti, akiwemo mwanajiografia Clarke Brooke aliyechapisha makala juu ya urithi wa njaa Tanzania ya Kati katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1967. Kisha nikaanza kuunganisha kwa mistari.

Mistari mingine ilinyooka. Mingine haikuwa na mahali pa kwenda. Upande wa kushoto kulikuwa na misimu mikavu ambayo babu hakuikumbuka hata nilipomtajia mwaka, mahali na mtoto gani alizaliwa. "Mwaka huo tulikuwa na ng'ombe," alisema, kana kwamba nimeuliza swali jingine. Upande wa kulia kulikuwa na njaa ambazo mvua peke yake haikuzieleza.

Chukua miaka ya sabini. Operesheni Dodoma ilianza 1970, watu wakahamishwa kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika na kukusanywa vijijini, na katikati ya muongo huo sehemu kubwa ya nchi ilihamia vijiji vya ujamaa. Msimu wa 1973/74 ukaja na ukame, na serikali ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Tangu hapo wasomi wamebishana: je, ilikuwa mvua, au ni watu kuhamishwa kutoka mashamba waliyoyajua kwenda wasiyoyajua? Kadi zinaweza kusema jinsi mvua ilivyokuwa. Haziwezi kusema kwamba mtu alikuwa amepanda kwenye udongo mgeni, mwendo wa saa nzima kutoka kitandani kwake.

Au chukua Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya Vita ya Pili, ilianza kufyeka pori la Kongwa ili kulima karanga. Mpango mzima, pamoja na maeneo mengine, ulikuwa wa zaidi ya ekari milioni tatu. Timu ya ukaguzi ilikuwa imezunguka kwa wiki chache tu mwaka 1946, na rekodi za mvua za eneo lile zilikuwa haba. Mvua hazikuja kama zilivyohesabiwa, udongo wa mfinyanzi uligeuka saruji wakati wa kuvuna, na mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Watu hucheka wakisimulia habari za Kongwa. Mimi huogopa kidogo, kwa sababu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na wastani. Wastani wa miaka michache ni namba inayovutia sana. Inakaa vizuri kwenye ripoti, na haina kistari hata kimoja.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kazi yangu ngumu ilikuwa vistari, wala si ule mkunjo.

Kituo kimoja kati ya vinne, ambacho sitakitaja, kina msimu katika miaka ya hamsini ambao ulianza vizuri. Novemba imejazwa, Desemba imejazwa, Januari imejazwa, na tarakimu zake ni ndogo ndogo. Kuanzia wiki ya pili ya Februari ni vistari mpaka Mei. Pembeni hakuna maelezo. Juni sifuri zinarudi, kwa mwandiko mwingine.

Kanuni niliyojiwekea mwanzoni, ambayo ni ya kawaida kwenye kazi kama hizi, inasema msimu wenye siku nyingi zilizokosekana unaondolewa. Kanuni hiyo ni nzuri endapo siku zinakosekana kibahati tu, kama chupa kupasuka. Sasa fikiria mtunza kituo mwenyewe. Naye ana mke na watoto na ghala. Januari anaandika tarakimu ndogo ndogo, na jioni anakwenda kwenye shamba lake na kuona mahindi yamejikunja kama sigara. Februari anafunga mlango na kwenda kuhemea. Kistari chake hakikutokea kwa bahati. Kimetokana na ukame uleule ambao alikuwa anaupima. Na mimi, miaka sabini baadaye, nafuata kanuni nzuri na kuuondoa msimu wake kwa sababu haukukamilika. Nikifanya hivyo kwa kila msimu wa namna hiyo, historia ya ukame wa Ugogo itatoka ikiwa nyepesi kuliko ilivyokuwa, na hakuna atakayeona, kwa sababu grafu itakuwa safi.

Nilimpelekea msimamizi wangu. Ni mtu makini, wa maneno machache, anayesahihisha hata nukta.

"Una uhakika alikwenda kuhemea?" aliuliza.

"Hapana, Profesa."

"Basi usiandike kwamba alikwenda."

"Sitaandika. Lakini nikiuondoa msimu huu nitakuwa nimeandika kwamba haukuwepo."

Alikaa kimya kidogo, akavua miwani. "Vituo vya jirani vinasemaje?"

Lilikuwa swali sahihi, na lilinipa kazi ya mwezi mzima. Setilaiti haisaidii hapo. Data kama za CHIRPS, zinazounganisha picha za setilaiti na vituo vya ardhini, zinaanza 1981. Kabla ya hapo una majirani tu. Vituo viwili vya jirani vilikuwa na msimu ule kamili, na vyote viwili vilikuwa chini ya -1. Nikakadiria Februari hadi Aprili ya kituo kile kutokana na hivyo viwili, nikauweka msimu kwenye grafu kwa nukta isiyojazwa rangi ili msomaji ajue, na nikaongeza kwenye sura ya mbinu aya moja inayosema kwamba katika vituo vya vijijini siku zilizokosekana zinaweza kuwa nyingi zaidi katika misimu migumu. Msimamizi aliisahihisha aya hiyo mara tatu. Mara ya nne aliipitisha bila neno.

Kuna swali jingine ambalo kila anayesoma mambo ya mvua huulizwa na watu wa nyumbani: mvua imepungua, siyo? Ukiwauliza wakulima wa Chamwino, Bahi au Mpwapwa, wengi watakuambia ndiyo, imepungua sana. Ukiangalia jumla za misimu kwenye vituo vyangu, zinapanda na kushuka kama mgongo wa milima, na hesabu za mwelekeo hazioni mteremko ulio wazi. Hapo mtu mwenye shahada hushawishika kusema kwamba wakulima wanakumbuka vibaya.

Lakini mahindi hayali jumla. Fikiria misimu miwili yenye milimita 550 kila mmoja. Wa kwanza umeanza mwanzoni mwa Desemba na kugawanyika vizuri hadi Aprili. Wa pili umechelewa hadi Januari, ukamwaga milimita 200 kwa siku tano zilizobomoa barabara, ukakatika wiki tatu mahindi yakiwa yanatoa maua, kisha ukarudi Machi kunyeshea mabua yaliyokufa. Kwenye SPI ya msimu mzima hiyo ni misimu miwili iliyolingana. Kwenye ghala mmoja una magunia na mwingine una panya. Nilipoacha jumla na kuanza kuhesabu urefu wa siku kavu zinazofuatana kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, nilikutana na wakulima kule walikokuwa wamesimama muda wote. Wanaposema mvua imepungua, mara nyingi wanasema mvua haiaminiki. Lugha yao haijakosea. Wanapima kitu ambacho jumla haikipimi, na ndicho wanachokula.

Hilo nililijua kwenye karatasi. Oktoba iliyopita likaja kwa simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Masomo yanakwendaje? Mmekula?" Shangazi hajawahi kuuliza habari zangu kwa umoja, anaamini bwenini tunakula kwa kundi. "Haya, nina swali, na wewe ndiye msomi wa mvua. Nimeuza mbuzi wawili. Ninunue mbegu ya mahindi ya dukani, au nipande uwele wangu uleule?"

Mbuzi wawili kwa shangazi ni karo ya muhula, au ni bati za paa, au ni mbegu. Haziwezi kuwa vyote. Nilihisi mwaka mmoja na nusu wa kadi umekaa kwenye koo langu. Nikamwambia kwamba rekodi haziwezi kusema msimu huu utakuwaje, na kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za Msimu, autafute redioni. Lakini rekodi zinaweza kusema msimu wa kwetu una tabia gani. Nikamweleza kipindi kikavu cha Februari, na kwamba mahindi yakikutana nacho yakiwa kwenye maua hayasamehi, ilhali uwele huweza kujikunja, kungoja na kuendelea. Nikasema kwa namba nilizonazo, ningeweka uwele.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mama alivyonisikiliza.

"Hayo ya Februari nayajua," alisema. "Na ndege je?"

Nilinyamaza.

"Kweleakwelea, mwanangu. Mahindi yana koti. Uwele uko uchi. Zamani watoto walikuwa wanashinda shambani kuamia ndege kuanzia alfajiri. Sasa watoto wako shule, na ni vizuri wawe shule. Mimi na magoti haya nitapiga kelele peke yangu kwenye ekari tatu? Watu hawapandi mahindi kwa kuwa hawajui mvua. Wanapanda kwa kuwa hawana wa kuamia."

Katika yote niliyosoma juu ya wakulima wa nyanda kame kung'ang'ania mahindi, nilikuwa nimekutana na maelezo ya ladha, ya soko, ya sera, ya mbegu. Ndege walikuwa wametajwa, kwa sentensi moja hapa na pale. Shangazi aliwaweka katikati, pamoja na shule na magoti yake. Ukame kwenye shamba lake unaanza na mvua, lakini hauishii hapo. Unategemea kama kuna mtu wa kusimama juani wiki tatu akirusha mawe kwa teo. Kadi ya mvua haina safu ya mtu huyo.

Hii haina maana kwamba kadi hazina kazi. Bila kadi ningeweza kuamini hadithi yoyote, kuanzia ile inayosema kila njaa ni mkono wa Mungu mpaka ile inayosema kila njaa ni mkono wa serikali. Kadi zinakataa zote mbili. Zinaonyesha misimu mikavu iliyopita bila mtu kufa, kwa hiyo kukosekana kwa mvua peke yake hakutoshi kuua. Zinaonyesha pia kwamba njaa nyingi za babu zina msimu mkavu chini yake, kwa hiyo mvua si kisingizio tu. Kati ya tarakimu na ghala kuna ng'ombe waliopo au waliochukuliwa, barabara, bei, shamba la zamani au jipya, mtoto wa kuamia ndege. Ukilipuuza pengo hilo, utampelekea mtu wa Ugogo mtambo wa karanga.

Ndiyo maana mwishoni mwa tasnifu nimeweka jedwali lenye safu tatu: msimu, SPI, na jina. Safu ya jina ni ya babu na wazee wengine waliokubali kukaa nami. Mingi ya mistari ina namba bila jina. Michache ina vyote viwili. Mstari wa kwanza kabisa, 1917 hadi 1920, una jina bila namba. Msimamizi aliuliza kama ni lazima uwepo, maana hauna data. Nilimjibu kwamba una data ya mtu mmoja kati ya watano. Aliuacha.

Mama naye nilimpa jibu lake. Nilimwambia babu ananitajia miaka ambayo watu waliumia, na kadi zinanitajia miaka ambayo mvua ilikosekana, na ada nalipa ili nijue kwa nini orodha hizo mbili hazifanani. Alifikiri kidogo, akasema basi nimuulize babu haraka, kadi zitangoja.

Shangazi mwishowe aligawa. Shamba la juu, lenye mchanga, aliweka uwele. Bondeni, ambako maji hukaa, aliweka mahindi ya dukani, nusu ya mbegu alizokusudia kununua, na fedha iliyobaki akaifungia kwenye kanga. Mvua zilianza, zikasita, zikaendelea. Februari ilikatika siku kumi na mbili. Nilikuwa nazihesabu kutoka bwenini, kwa simu, kila jioni.

Machi akapiga mwenyewe. Uwele umetoa masuke na ndege wameanza kutua. Kuna kijana wa jirani amemaliza kidato cha nne, yuko tu nyumbani, anakubali kuamia kwa wiki tatu akilipwa. Je, ninaweza kusaidia kidogo? Nilimtumia usiku huohuo, na asubuhi yake kijana akaingia shambani.